Kuhariri na Kughushi Picha za Habari: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyokusanywa hapa ni yale ambayo wanahabari wachanga, wahariri na wasomaji huyarudia kila picha fulani inapozua mjadala. Majibu yanahusu picha za habari peke yake, kwa kuwa matangazo ya biashara, sanaa na picha za kumbukumbu za familia zina taratibu zake. Kila jibu linajitegemea, na pale jambo lilipokwisha kuelezwa kwingine msomaji ameelekezwa huko.

## Mambo ya msingi

Picha ya habari ni ipi, na kwa nini inawekewa masharti makali kuliko picha nyingine?

Ni picha inayochapishwa kwa ahadi kwamba kinachoonekana ndani yake ndicho kilichokuwa mbele ya lenzi wakati kitufe cha kamera kilipobonyezwa. Ahadi hiyo haiandikwi ukurasani, lakini msomaji huichukulia kuwa ipo kwa sababu tu picha imewekwa kando ya habari. Mwandishi anaposimulia tukio kwa maneno, msomaji anajua kwamba anasimuliwa na mtu, hivyo huupima usimulizi ule. Anapoitazama picha, huhisi amejionea mwenyewe. Kwa hiyo anayeibadilisha picha ya habari humpa msomaji kumbukumbu ya jambo ambalo halikutokea, na msomaji hana njia ya kulitambua.

Je, kila picha si imekwisha kupotoshwa na uamuzi wa mpigapicha tangu mwanzo?

Ni kweli kwamba mpigapicha huchagua pa kusimama, lenzi ya kutumia na sekunde ya kubonyeza kitufe, na kwamba mwenzake aliyesimama hatua kumi kando angeweza kurudi na picha tofauti kabisa. Hata hivyo, uchaguzi humwachia msomaji sehemu ya ukweli, na sehemu hiyo inaweza kulinganishwa na picha za wengine waliokuwepo. Ubadilishaji humpa kitu ambacho hakuna aliyekiona. Hoja hii hupendwa mno na watu waliokwisha kunaswa wakighushi, na kwa maoni yangu haistahili uzito inaopewa. Ikumbukwe tu kwamba uchaguzi nao unaweza kutumiwa vibaya. Tazama maswali kuhusu kukata kingo na kupanga tukio.

Ni marekebisho gani yanayokubalika katika vyumba vingi vya habari?

Kwa kawaida yanakubalika yale yaliyorithiwa kutoka chumba cha giza: kukata kingo, kurekebisha mwanga na rangi kwa kiasi, kugeuza picha ya rangi kuwa nyeusi na nyeupe, na kufuta alama za vumbi lililonasa kwenye kihisi cha kamera. Zamani msafishaji wa picha aliikinga sehemu ya karatasi kwa kiganja ili isiungue kwa mwanga, au akaiongezea sehemu nyingine sekunde chache ili itoke nyeusi zaidi, na kazi hiyo sasa hufanywa kwa programu.

Kanuni za shirika la habari la Associated Press, kwa mfano, zinaruhusu mambo hayo kwa kadiri ya kile kinachohitajika ili picha ionekane kama tukio lilivyoonekana. Kanuni hizohizo zinakataza kutia ukungu mandhari ya nyuma kwa programu, na hata kuondoa wekundu wa macho unaosababishwa na taa ya kamera. Wapo wapigapicha wanaoona katazo hilo la mwisho kuwa ukali usio na maana, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwa na macho mekundu kiasi hicho. Faida yake ni kwamba linaondoa mabishano: mhariri halazimiki kuketi usiku wa manane akijadili ni kitu gani kidogo kinachoweza kufutwa na kipi hakiwezi.

Kanuni hizi zina nguvu ya sheria?

Kwa sehemu kubwa hapana. Ni miiko ya kazi inayowekwa na mashirika ya habari, vyama vya taaluma, kama vile chama cha wapigapicha wa habari cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1946, na waandaaji wa mashindano. Adhabu yake ni kupoteza kazi, mkataba au tuzo. Sheria huingia pale picha iliyoghushiwa inapomchafulia mtu jina au kukiuka haki ya aliyeipiga.

## Mwanga, rangi na kingo

Kutia giza au kukoleza rangi hugeuka kuwa kosa wakati gani?

Mfano unaofundishwa zaidi ni wa mwaka 1994. Polisi wa Los Angeles walikuwa wametoa picha ya O. J. Simpson, mwanamichezo maarufu wa zamani aliyeshtakiwa kwa mauaji, na katika wiki moja majarida ya Time na Newsweek yote mawili yakaiweka katika majalada yao. Newsweek iliichapisha kama ilivyotolewa. Time, katika toleo la tarehe 27 Juni, ilichapisha taswira iliyotengenezwa na msanii kutokana na picha hiyo, ngozi ikiwa imetiwa giza, kingo zikiwa na kivuli kizito. Majarida hayo yalipangwa bega kwa bega kwenye vibanda vya magazeti, na tofauti ikaonekana na kila mpita njia. Lawama zilikuwa kwamba mtuhumiwa mweusi ambaye kesi yake haijasikilizwa amefanywa aonekane mweusi zaidi ili atishe zaidi, na mhariri wa Time akalazimika kujieleza hadharani. Katika jalada lile hakikuongezwa kitu wala hakikufutwa kitu. Giza peke yake lilitosha kutoa hukumu.

Kesi nyingine ni ngumu zaidi. Mwaka 2006 gazeti la Charlotte Observer la Marekani lilimfukuza kazi mpigapicha aliyebadilisha rangi ya anga katika picha ya mzimamoto, na utetezi wake ulikuwa kwamba alitaka kuirudisha rangi ambayo macho yake yaliiona na kamera ikashindwa kuinasa. Utetezi huo una mantiki, na huenda ulitolewa kwa moyo safi, lakini unaondoa ushahidi mikononi mwa kamera na kuuweka katika kumbukumbu ya mtu mmoja, ambayo haina wa kuikagua.

Mstari wenyewe haujachorwa mahali pamoja na kila mtu. Picha iliyoshinda tuzo kuu ya World Press Photo, mashindano ya kimataifa ya picha za habari, mwaka 2013, iliyoonyesha maziko huko Gaza, ilituhumiwa kuwa imeunganishwa kutokana na picha kadhaa. Wataalamu waliolikagua faili lake la awali waliona kwamba ni picha moja ambayo mwanga na rangi vimerekebishwa, lakini wengi waliendelea kuiona imetiwa chumvi. Kipimo kinachofaa ni kuiweka picha ya awali kando ya ile iliyohaririwa na kujiuliza kama mtu aliyekuwepo angesema, "Haikuwa hivi."

Kukata kingo ni jambo linaloruhusiwa, linawezaje kudanganya?

Linadanganya pale kinachokatwa ni sehemu ya habari. Mwezi Januari 2020, mjini Davos, Uswisi, Associated Press ilipiga picha ya wanaharakati vijana watano wa tabianchi waliosimama pamoja, miongoni mwao Greta Thunberg wa Sweden na Vanessa Nakate wa Uganda. Nakate alikuwa amesimama pembeni kabisa, na katika picha iliyosambazwa hakuwemo. Walibaki wasichana wanne weupe na milima yenye theluji nyuma yao. Maelezo ya kwanza ya shirika yalikuwa kwamba jengo lililokuwa nyuma ya Nakate liliharibu mpangilio wa picha. Baadaye mhariri mtendaji wake aliomba radhi, na picha kamili ikatolewa.

Naamini sababu ya jengo ilikuwa ya kweli, na hapo ndipo penye somo kwa mhariri wa picha. Jicho lililozoea kutafuta mpangilio mzuri huona ukuta unaosumbua na kusahau kwamba mbele ya ukuta huo amesimama mtu, tena Mwafrika pekee katika kundi lile. Kabla ya kukata, wahesabiwe watu waliomo, kisha mhariri ajiulize kama maelezo ya picha yatabaki kuwa ya kweli kingo zikishaondoka.

Kuficha sura ya mtoto, shahidi au mwathiriwa ni kughushi?

Hapana, mradi msomaji aone kwamba kuna kilichofichwa. Ukungu au kisanduku cheusi juu ya uso hujitangaza chenyewe. Ingekuwa udanganyifu kama uso ungebadilishwa na kuwekwa mwingine unaoonekana wa kweli, jambo ambalo programu za leo zinaliweza bila taabu. Maelezo ya picha yaseme sura imefichwa kwa sababu gani. Ifahamike pia kwamba ukungu mwepesi unaweza kukisiwa na programu hadi sura ikarudi. Panapokuwa na hatari ya kweli, kisanduku kizito ni salama zaidi, na salama kupita vyote ni kuchagua picha iliyopigwa mtu akiwa amegeuka.

## Kufuta, kuongeza na kuunganisha

Kwa nini kufuta kitu kidogo kisichohusiana na habari ni kosa kubwa?

Hili ndilo swali linalorudiwa kuliko yote, na wanaoliuliza kwa kawaida wana mfano mkononi: waya, mkono wa mpita njia, chupa ya plastiki iliyoharibu picha nzuri. Mwezi Januari 2014 Associated Press ilikatisha uhusiano na mpigapicha Narciso Contreras, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa katika kundi la wapigapicha wake lililoshinda tuzo ya Pulitzer kwa picha za vita vya Syria. Kosa lake lilikuwa katika picha moja ya mpiganaji aliyejikinga, ambamo kamera ya video ya mwanahabari mwenzake ilionekana chini katika pembe ya kushoto. Contreras aliifunika kamera hiyo kwa kunakili udongo na mawe yaliyokuwa jirani nayo. Shirika lilizikagua karibu picha 500 alizowahi kulipatia na halikuona nyingine iliyochezewa, lakini uamuzi wake haukubadilika.

Adhabu hiyo inaonekana nzito ukiitazama kamera ile iliyofutwa, na inaeleweka ukiwatazama wasomaji. Msomaji hawezi kujua kwamba kilichofutwa kilikuwa kidogo. Anachokijua ni kwamba mpigapicha huyu hufuta. Isitoshe, kamera ya mwenzake haikuwa takataka. Ilimweleza mtazamaji kwamba mpiganaji yule alikuwa amezungukwa na wanahabari, na hilo ni jambo ambalo mtu anayepima picha ya vita angependa kulijua.

Tabia hii pia hugeuka kuwa mazoea. Mwaka 2007 wapigapicha kadhaa walipiga picha ya wachezaji wa besiboli wa Chuo Kikuu cha Bluffton, Marekani, wakiwa wamepiga magoti mbele ya bango la jezi za wenzao waliofariki katika ajali ya basi. Katika picha za magazeti mengine, miguu ya mtu aliyesimama nyuma ilionekana chini ya bango. Katika picha ya gazeti la Toledo Blade haikuwepo. Ukaguzi uliofuata ulikuta picha 79 za mpigapicha huyohuyo zilizobadilishwa tangu mwanzo wa mwaka huo, na alikuwa amekwisha kujiuzulu.

Je, kuunganisha picha mbili za tukio lilelile, zilizopigwa sekunde chache mbali, si kueleza ukweli uleule?

Mpigapicha Brian Walski wa Los Angeles Times alifikiri hivyo, au angalau alitenda hivyo, karibu na Basra nchini Iraq mwezi Machi 2003. Katika fremu moja askari wa Uingereza alikuwa ameinua mkono akiwaashiria raia wakae chini, ila mtu aliyembeba mtoto hakuwa mahali pazuri. Katika fremu nyingine mtu huyo alikuwa amesogea mbele vizuri, ila ishara ya askari ilikuwa imepotea. Walski aliziunganisha. Picha ikachapishwa katika ukurasa wa kwanza, na mfanyakazi wa gazeti jingine lililoitumia, Hartford Courant, akagundua kuwa baadhi ya raia waliochuchumaa nyuma wanaonekana mara mbili. Walski alifukuzwa kazi mara moja.

Picha ile ilionyesha askari akimwelekezea ishara mtu aliyembeba mtoto kwa sekunde moja ambayo haikuwahi kuwepo. Msomaji aliyeitazama alijenga hisia kuhusu uhusiano wa watu wawili hao, na uhusiano huo ulitengenezwa kwenye kompyuta. Kinachoumiza ni kwamba fremu zote mbili zilifaa kuchapishwa zilivyo.

Vipi kuhusu jalada? Si ni sehemu ya ubunifu?

Jalada linaloonyesha taswira ya kubuni waziwazi halina tatizo. Tatizo huanza linapoonekana kuwa picha halisi. Jarida la National Geographic, katika toleo la Februari 1982, lilizisogeza piramidi za Giza zikaribiane ili picha iliyopigwa kwa upana itoshee jalada la wima. Wakati huo kazi hiyo ilihitaji mashine ya gharama kubwa. Leo hufanywa kwenye simu. Utetezi uliotolewa ulikuwa kwamba mpigapicha angeweza kupata mwonekano ule kwa kusogea kando kidogo. Naam, angeweza, lakini hakusogea.

Inaruhusiwa kumwondoa mtu au kitu kwa sababu za imani au staha?

Mwezi Mei 2011 gazeti la Der Zeitung la New York, linalosomwa na Wayahudi wa madhehebu yasiyochapisha picha za wanawake, liliwafuta Hillary Clinton na mwanamke mwingine mmoja katika picha maarufu ya chumba cha Ikulu ya Marekani walimokuwa wakifuatilia operesheni dhidi ya Osama bin Laden. Gazeti liliomba radhi na kueleza msimamo wake wa kidini. Imani inastahili heshima, na gazeti lina uhuru wa kutochapisha picha ambayo haiafiki. Kilichokosekana ni haki ya kuonyesha chumba ambacho Waziri wa Mambo ya Nje hakuwemo.

Kuhusu staha, picha ya mabomu ya treni za Madrid ya tarehe 11 Machi 2004 bado inajadiliwa. Mbele ya majeruhi kulikuwa na kipande cha kiungo cha binadamu. Baadhi ya magazeti ya Uingereza yalikifuta kwa programu, na The Guardian ikakififisha rangi yake ya damu ikawa ya kijivu. Nia ilikuwa kumhurumia msomaji, lakini njia nyingine zilikuwepo: kukata sehemu hiyo na kubaki na fremu ndogo, kuchapisha kwa rangi nyeusi na nyeupe, kuchagua picha tofauti, au kutia ukungu unaoonekana. Zote humlinda msomaji bila kumdanganya.

## Uongo usiogusa picha yenyewe

Kupanga tukio kuna tofauti gani na kughushi?

Kwa msomaji, tofauti ni ndogo. Mwaka 1863, baada ya mapigano ya Gettysburg katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mpigapicha Alexander Gardner na wenzake waliuhamisha mwili wa askari aliyekufa hadi kwenye ngome ya mawe na kumwegeshea bunduki, kisha picha ikatolewa kama ya mdunguaji aliyefia hapo. Watafiti waliligundua hilo zaidi ya karne moja baadaye, walipouona mwili uleule katika picha zilizopigwa sehemu nyingine ya uwanja. Hakuna aliyeichezea picha. Kilichochezewa ni mahali pa tukio. Leo mpigapicha anayemwomba mwandamanaji arudie kurusha jiwe, au mama aliyefiwa alie tena, yuko palepale alipokuwa Gardner.

Picha ya mtu aliyeketi kwa ajili ya kupigwa picha ni jambo jingine, kwa sababu kila anayeitazama anaona kwamba amepangwa. Pakiwa na shaka, maelezo yaseme.

Maelezo ya picha yana uzito gani katika maadili haya?

Yana uzito sawa na picha. Mwaka 2015 World Press Photo iliinyang'anya tuzo seti ya picha kuhusu mji wa Charleroi, Ubelgiji, ilipobainika kuwa mojawapo ilipigwa Molenbeek, katika eneo la Brussels. Katika mitandao ya kijamii njia ya kawaida ya kudanganya kwa picha haihitaji programu yoyote: picha halisi ya mafuriko au maandamano ya miaka iliyopita hupewa tarehe ya leo na jina la mji mwingine, kisha husambazwa.

## Picha zinazoletwa na wengine

Chumba cha habari kinawajibika kwa picha iliyotolewa na ofisi ya serikali, jeshi au ikulu?

Ndiyo, kwa sababu kikishaichapisha kimeidhamini. Mwezi Julai 2008 tovuti ya jeshi la walinzi wa mapinduzi wa Iran ilitoa picha ya makombora manne yakiruka kwa wakati mmoja, na shirika la AFP likaisambaza duniani. Siku iliyofuata ilidhihirika kwamba kombora moja liliongezwa kwa kunakili moshi na vumbi la mengine, pengine ili kuficha lile lililogoma kuruka.

Mwezi Machi 2024 Kasri la Kensington lilitoa picha ya Catherine, Binti Mfalme wa Wales, na watoto wake, na mashirika makubwa yakaisambaza kabla ya kuiondoa usiku uleule na kuwataka wateja wasiitumie. Walioikuza waliona kwamba ukingo wa mkono wa sweta ya bintiye, Charlotte, haukuungana na sehemu inayofuata. Kesho yake Catherine alieleza kwamba alikuwa akijaribu kuhariri, kama wafanyavyo wapigapicha wengi wasio wataalamu, na akaomba radhi. Kwa picha ya familia lilikuwa jambo dogo, lakini picha ilikuwa imetolewa wakati umma unauliza kuhusu afya yake, kwa hiyo ilikuwa ushahidi katika habari.

Jina la aliyetoa picha lionekane kila mara, lakini lisigeuzwe ngao. Kuna hata magazeti yanayofanya kazi ya ikulu yenyewe: mwaka 2010 Al-Ahram la Misri lilimhamisha Rais Hosni Mubarak kutoka nyuma ya viongozi wenzake na kumweka mbele ya Barack Obama kwenye zulia jekundu la Ikulu ya Marekani.

## Akili mnemba na simu za kisasa

Inaruhusiwa kutumia picha ya akili mnemba kuipamba habari?

Isitumike mahali ambapo msomaji anategemea kuona picha iliyopigwa. Tarehe 22 Mei 2023 taswira bandia ya mlipuko karibu na Pentagon, makao makuu ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ilienea mitandaoni, na kwa muda mfupi bei za hisa nchini Marekani zikashuka kabla ya mamlaka kukanusha. Kuandika "imetengenezwa na akili mnemba" kwa herufi ndogo hakutoshi, kwa kuwa picha hunakiliwa na kusafiri bila maelezo yake. Taswira inayohitajika kwa mada ya kufikirika ichorwe kwa namna ambayo hakuna anayeweza kuidhania kuwa picha.

Vipi zana za akili mnemba zilizomo ndani ya programu za kuhariri?

Jina la zana halina maana. Iangaliwe inafanya nini. Kupunguza chembechembe za picha iliyopigwa gizani kwa kiasi kidogo kunakaribiana na marekebisho ya kawaida. Kukuza picha ndogo ili uso uliofifia uwe wazi ni hatari, kwa sababu programu hubuni maumbo ambayo kamera haikuyanasa, na uso unaotoka unaweza usiwe wa mtu yule. Kurefusha kingo ili picha itoshee nafasi ni kuongeza kitu, na jibu lake limo katika swali kuhusu jalada.

Simu yenyewe huunganisha fremu kadhaa kabla hata sijaiona picha. Nimekosa?

Hapana, ikiwa ni mchanganyiko wa kawaida wa mwanga unaofanyika papo hapo. Zima vipodozi vya uso, ukungu wa nyuma wa kuigiza na kila kinachojitolea kuboresha, kisha tunza faili la awali.

## Kugundua na kusahihisha

Picha iliyochezewa inatambulikaje?

Kwanza, liombwe faili la awali pamoja na fremu zilizopigwa kabla na baada yake. Kukosekana kwake si ushahidi wa hatia, ila ni sababu ya kusubiri. Pili, itafutwe picha ya mpigapicha mwingine wa tukio hilohilo, njia iliyoifichua miguu ya Bluffton. Kisha picha ikuzwe na kutazamwa polepole: maumbo yanayojirudia katika moshi, majani au umati, vivuli vinavyoelekea pande tofauti, kingo ambazo haziungani. Moshi wa Beirut katika picha ya mpigapicha Adnan Hajj, iliyosambazwa na Reuters mwezi Agosti 2006, ulikuwa na mafundo yanayofanana kama mhuri uliogongwa mara kadhaa, na waliougundua walikuwa wasomaji wa kawaida mtandaoni. Reuters iliondoa picha zake zote 920 kutoka maktaba yake.

Programu zinazodai kutambua picha bandia zichukuliwe kama dokezo tu. Picha iliyohifadhiwa tena na tena na kupitia mitandao ya ujumbe huharibika kiasi kwamba programu hizo huituhumu isiyo na kosa na kuipitisha yenye kosa.

Alama za kidijitali za asili ya picha zitamaliza tatizo?

Zitasaidia. Mfumo wa C2PA, ulioanzishwa mwaka 2021, huambatanisha na picha rekodi iliyotiwa saini inayoonyesha ilipigwa na kamera gani na imebadilishwa vipi. Kamera ya kwanza kuuzwa ikiwa na uwezo huo ilikuwa ya Leica, mwaka 2023. Rekodi hiyo huthibitisha historia ya faili, lakini haiwezi kusema kama tukio lilipangwa, na hupotea mtu anapopiga picha ya skrini.

Tukigundua kwamba tumechapisha picha iliyoghushiwa, tufanye nini?

Iondolewe, wateja na vyombo vilivyoinunua waarifiwe, na msomaji aelezwe kilichobadilishwa, si kwamba picha "imeondolewa kwa sababu za kiufundi." Penye uwezekano, picha mbili ziwekwe pamoja, ya awali na iliyochezewa, kama Los Angeles Times ilivyofanya na fremu za Walski. Kisha kazi nyingine za mpigapicha huyo zikaguliwe. Vyumba vinavyofunika kombe ili mwanaharamu apite huishia kufichuliwa na watu wa nje, na hapo lawama humhamia mhariri.

Tunaruhusiwa kuchapisha picha za kihistoria zinazojulikana kuwa zilichezewa, au picha bandia ambayo yenyewe ndiyo habari?

Ndiyo, na pengine ni lazima. Picha ya bendera ya Kisovieti juu ya Reichstag, jengo la bunge la Ujerumani mjini Berlin, iliyopigwa na Yevgeny Khaldei tarehe 2 Mei 1945, ilihaririwa ili kuondoa saa ya pili kwenye kifundo cha mkono wa askari, iliyoashiria uporaji, na moshi ukaongezwa. Nikolai Yezhov, aliyekuwa mkuu wa polisi wa siri wa Kisovieti, alifutwa katika picha kando ya Stalin baada ya kuuawa. Mabadiliko hayo sasa ni sehemu ya historia, na maelezo ya picha yayataje badala ya kuichapisha kama picha ya kawaida ya vita au ya viongozi.

Kwa picha bandia ya leo, onyo liandikwe juu ya picha yenyewe, kwa herufi kubwa zinazokatiza katikati yake mahali ambapo haziwezi kukatwa bila kuiharibu. Maelezo ya chini huachwa nyuma picha inaponakiliwa, na gazeti lililotaka kuufichua uongo hujikuta ndilo linalousambaza.